Tarishi wa Sekunde Tano Nukta Sita

Timu ya Mpira wa Kimarekani, Chuo cha Caprock, Texas
Jumapili, 9 Septemba 1973

Dada Delphia,

Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto limevimba. Soksi zimefika, na zile njugu za pekani za kukaanga zimefika pia, ingawa Coy Lassiter, ninayelala naye chumba kimoja, amezila nusu kabla sijarudi mazoezini. Anasema alikuwa anazihesabu.

Nianze na baya ili liishe. Kocha Mkuu Stubblefield ametupima mbio tena. Ni yadi arobaini, na mwishoni wanasimama watu watatu wenye stopwochi. Saa iliyosoma muda mrefu inatupwa, iliyosoma muda mfupi inatupwa, ile ya katikati inaandikwa kwenye daftari kwa wino. Mimi nimeandikiwa sekunde tano nukta sita. Mtu wa mstari wa mbele anatakiwa afike tano nukta nne. Kocha akasema mbele ya wote, "Pruett, nimeona jokofu likihamishwa kwa kasi kubwa kuliko hiyo." Wakacheka, nami nikacheka nao, ningefanyaje? Halafu akaniita pembeni akaniambia bila utani kwamba tarehe nane Desemba ndiyo mara ya mwisho. Nisipofika tano nukta nne, ufadhili wangu anapewa mwingine. Ufadhili ukienda na chuo kimekwenda, dada, sina haja ya kukueleza.

Zuri ni hili: nimefanywa tarishi. Kocha Longino, yule anayepanga mashambulizi, hukaa juu kabisa kwenye kibanda cha wanahabari na simu yake, kwa sababu huko anaona uwanja mzima. Kila mara mpira unaposimama, kabla hatujaanza tena, anapiga simu benchini, agizo linanong'onezwa sikioni kwangu au kwa Coy, na mmoja wetu anakimbia nalo hadi kwa wenzetu. Tunampa Kip Rademacher, mgawaji mpira wetu, naye anafanya alivyoagizwa. Coy anakimbia tano nukta moja, ila akifika ameshasahau nusu. Jana alimwambia Kip, "Ni ile... ile ya kule." Mimi nachelewa kufika, lakini nafika na maneno yote.

Natamani umwone huyo Longino. Haongei sana. Anakula vitunguu vibichi kama watu wanavyokula matofaa. Ubaoni akichora mchoro mmoja unaona timu nzima ya wapinzani ikisogea, na unajua kabla ya kuambiwa nani ataanguka wapi. Sijaona kichwa kama kile.

Mdogo wako,
Thurman


Tolbert Flat
Jumatatu, 24 Septemba

Thurman mdogo wangu,

Goti liwekee barafu, usinidanganye kwamba umeweka.

Jumamosi redio ilikuwa wazi saluni kutwa nzima. Nilikuwa na wanawake wanne chini ya mashine za kukaushia nywele, wote wanapiga kelele kwa sababu hawasikii. Wa tano alikuwa Bi. Ouida, mke wa mchungaji mpya, katoka Vermont huko, hajui lolote. Akaniuliza, "Kwani mbona wanasimama kila mara?" Nikamwambia, mama, unapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ukifaulu unapewa mengine manne. Usipofaulu unawapa wenzako mpira na aibu. Akasema, "Basi ni kama ndoa." Tangu hapo nimempenda.

Sasa nikuulize. Lile jaribio la tatu mkiwa na yadi tisa mbele yenu! Nchi nzima inajua hapo lazima Kip arushe. Mtangazaji anajua, mimi najua, Bi. Ouida tayari anajua. Wapinzani wote wamerudi nyuma kungojea mpira hewani. Halafu Longino wako anaagiza Kip ajifanye anarusha, kumbe anamkabidhi mkimbiaji katikati, palepale palipobaki patupu! Yadi kumi na sita! Niliangusha kitana kwenye beseni la rangi. Huyo mtu ana akili gani? Anawezaje kukaa juu huko na kuona jambo ambalo hakuna mwingine analiona?

Mwambie kuna mwanamke Tolbert Flat anamvulia kofia. Na wewe jifunze kwake, usikae tu unabeba ujumbe.

Fanya mazoezi ya mbio. Desemba si mbali.

Dada yako,
Delphia


Caprock
2 Oktoba

Dada,

Asante kwa barua. Goti limepoa.

Ile ya yadi tisa, ndiyo, ilikwenda vizuri. Kocha Longino hana mpinzani. Mambo mengine ya uwanjani ni bahati tu, dada, usiyape uzito sana.

Nakimbia kila asubuhi kabla ya darasa. Coy ananishikia saa. Jana nilipata tano nukta sita tena. Katika mbio za kugusa mistari, zile za kwenda na kurudi na kugeuka ghafla, mimi ni wa tatu katika timu nzima, nawashinda hata baadhi ya wakimbiaji. Longino anasema hizo ndizo zingetosha, kwa sababu mtu wa mstari wa mbele hakimbii yadi arobaini mfululizo ila akiwa anafukuzwa na polisi. Lakini daftari ni la Stubblefield, na Stubblefield anataka arobaini.

Nina mtihani wa kemia.

Thurman


Tolbert Flat
22 Oktoba

Thurman,

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Una mpenzi? Sema tu.

Mechi tano mmeshinda nne. Huku mji mzima unamzungumzia Longino. Jumamosi hii, ile pasi fupi ya pembeni wakati wote walidhani mtasukuma katikati, Bw. Cude wa duka la chakula cha mifugo alisimama akapiga meza mpaka kahawa ikamwagika. Mimi nikasema, mnaona? Huyo ndiye anayemfundisha mdogo wangu. Nilijivuna sana, kana kwamba nimemzaa mimi.

Basi sikiliza nilichofanya, usikasirike. Nimempikia pai ya pekani. Nimeituma kwa basi, kwenye ile sahani yangu ya bluu, na kijikaratasi: "Kwa Kocha Longino, kwa maagizo ya ajabu tunayoyasikia redioni. Endelea kutushangaza." Amenijibu kwa mstari mmoja. Kaandika, "Mama, pai nimeila, sifa nimeiweka pembeni mpaka nijue ni ya nani." Nimeisoma mara tatu sijaielewa. Nadhani ni unyenyekevu. Watu wakubwa ndivyo walivyo.

Muda wako ukoje?

Delphia


Tolbert Flat
Jumapili, 11 Novemba

Thurman,

Nimeandika barua hii jana nikaichana kwa sababu ilikuwa na matusi. Hii ni ya pili.

Mechi ya mwisho ya msimu, dhidi ya Westover ambao hatujawafunga miaka saba! Sekunde arobaini zimebaki! Yadi mbili! Mbili tu, hata mimi na viatu vya kisigino ningeanguka mbele nikazimaliza. Na yule mzee mla vitunguu anaagiza nini? Pasi! Kulia! Mikononi mwa Westover! Nilisikia mpaka bomba la saluni likidondosha maji. Bw. Cude aliondoka bila kuaga mtu.

Nimeona gazeti asubuhi hii. Amesimama pale anasema, "Agizo lilikuwa langu, lawama ni yangu." Angalau amekiri. Lakini kukiri hakurudishi kitu. Kichwa kimelewa sifa, hicho ndicho kilichomponza. Aliyekuwa mwerevu msimu mzima anakuwaje mpumbavu kwa yadi mbili? Watu wanasema afukuzwe, nami sitawapinga. Na nataka sahani yangu.

Nakuonea huruma wewe, kubeba agizo bovu kama lile mguu kwa mguu na kulikabidhi kwa mikono yako.

Delphia


Caprock
Alhamisi, 15 Novemba

Dada Delphia,

Tafadhali usimseme vibaya tena. Siwezi kuvumilia.

Hakuagiza pasi. Aliagiza tusukume kushoto, nyuma ya Coy. Mimi ndiye niliyesema pasi, kulia. Nilimwambia Kip kwa mdomo wangu, na Kip akaamini kwamba limetoka juu.

Si mara ya kwanza. Ile ya yadi tisa ilikuwa yangu. Ile pasi iliyomwaga kahawa ya Bw. Cude ilikuwa yangu. Zipo nyingi, nimepoteza hesabu.

Nikueleze ilivyoanza, maana sikupanga. Coy akipewa agizo anachomoka, macho chini, anafika. Mimi, kwa huu mwendo wangu, natumia muda mrefu kuvuka uwanja, na katika muda huo sina la kufanya zaidi ya kuwatazama wapinzani. Kocha anakuwa ameshasema kwenye simu, lakini wao wanaendelea kusogea. Mmoja anarudi hatua mbili. Mwingine anabadilisha mguu wa mbele. Mara ile ya kwanza niliona katikati pamebaki patupu kabisa, na agizo nililobeba lilikuwa pasi. Nikafika, nikafungua mdomo, likatoka lingine. Tukapata yadi kumi na sita. Niliporudi benchini nikangoja kufokewa. Sikufokewa. Nikadhani Longino anaamini ni Kip aliyebadilisha.

Kisha nikaizoea. Ukweli ni huo, dada, niliizoea na nikaifurahia. Ulipokuwa unamsifu Longino nilikuwa najifungia chooni kusoma barua zako, nazisoma mara mbili mbili, najiambia ni mimi huyo anayesifiwa. Halafu nilikuwa naona aibu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Bila ule ubao wake nisingejua hata niangalie wapi.

Sasa ameichukua lawama yangu mbele ya waandishi. Wanamwandika vibaya kila siku, Stubblefield hamsalimii. Nikisema ukweli, nitafukuzwa kabla ya Desemba. Nikinyamaza, huenda akafukuzwa yeye. Nimepita mlangoni kwake mara nne. Sijabisha hodi.

Usimwambie mtu.

Thurman


Tolbert Flat
18 Novemba

Thurman,

Nimekaa na barua yako siku nzima ya kanisa. Bi. Ouida aliniuliza kama naumwa.

Kwanza nikuombe radhi. Nimekusifu bila kujua, nikakutukana bila kujua. Matusi nayafuta. Sifa sizifuti hata moja, na nataka uzisome tena ukijua kwamba nazisema kwako: una akili, unaona jambo ambalo hakuna mwingine analiona. Nimekulea tangu una miaka sita nami sikulijua hilo. Nilidhani wewe ni mpole tu.

Pili, umenikasirisha mno, na ungekuwa hapa sauti yangu ingesikika mpaka barabara kuu. Mtu mzima mwenye jina lake amesimama mbele ya waandishi wa gazeti akabeba mzigo wako, wewe unapita mlangoni kwake mara nne?

Mimi sitamwandikia. Nilitaka, kalamu nilishaishika. Lakini nikimwandikia mimi utabaki tarishi maisha yako yote, wa kusemewa. Nenda mwenyewe. Barua hii ukiimaliza usiikunje, iache hapo kitandani, vaa viatu, nenda. Wakikufukuza, kitanda chako kipo na hakuna atakayekuuliza kitu. Lakini usirudi nyumbani bila kuwa umesema.

Dada yako, ambaye anajivuna na ana hasira, vyote kwa pamoja,
Delphia


Caprock
Jumatano, 21 Novemba

Dada,

Nimekwenda. Barua iko kitandani, nilifanya ulivyosema, na Coy ameisoma. Sasa ananiita Profesa.

Nilimkuta Longino ofisini kwake anamenya kitunguu. Akasema, "Kaa. Una shida gani, Pruett?"

"Kocha, lile agizo la mwisho la Westover..."

"Ehe."

"Uliagiza kushoto. Mimi ndiye niliyesema kulia."

"Ehe. Endelea."

"Na si hilo tu, Kocha."

"Najua si hilo tu. Nimekungojea tangu Septemba, kijana. Nilikuwa naanza kudhani miguu yako ya kuja ofisini ni mizito kuliko ile ya uwanjani."

Alijua, dada! Akafungua droo akatoa karatasi, ndefu, zimebandikwa pamoja. Upande wa kushoto kila alichoagiza, upande wa kulia kilichochezwa. Zisizofanana amezizungushia duara jekundu. Ni arobaini na moja. Zilizofaulu ni ishirini na tisa.

"Mwanzoni nilidhani ni Kip," akasema. "Halafu nikagundua kwamba Coy akiwa tarishi haitokei."

Nikamuuliza, "Mbona hukunifukuza?"

"Baada ya ile ya kwanza nilitaka kukuning'iniza kwenye mlingoti wa bendera. Baada ya ile ya nne nikaacha kuwatazama wapinzani, nikawa nakutazama wewe kwa darubini. Unakimbia kichwa umekigeuza pembeni kama mtu anayesoma bango barabarani. Nikasema, acha tuone anasoma nini."

Nikamwambia samahani kwa lawama aliyobeba kwenye gazeti. Akapunga mkono. Akasema hiyo ilikuwa ya mwisho tu, zile nyingine kumi na moja zilizoshindwa alizibeba pia, kila Jumapili asubuhi kwa Stubblefield, mlango umefungwa. Mimi sikujua, dada. Msimu mzima sikujua.

Kisha akasukuma zile karatasi mbele yangu. Akasema, "Hizi ishirini na tisa sina haja nazo. Kitu kikifaulu hakifundishi. Nataka hizi kumi na mbili. Anza na ya kwanza. Ulipokuwa unakimbia, uliona nini, na ulikuwa unawaza nini?"

Tangu nivae helmeti nikiwa na miaka minane nimeambiwa sukuma, inama, amka, kimbia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nilikuwa nawaza nini. Nililia pale pale mbele yake. Akanipa nusu ya kitunguu, akasema nikiulizwa niseme ndicho kilichoniliza.

Hajasema kama nitabaki. Amesema mbio za Desemba ziko palepale, yeye hana uwezo juu ya daftari. Sahani yako anaiosha mwenyewe.

Nakutakia sikukuu njema ya Shukrani. Nabaki huku kukimbia.

Thurman


Caprock
Jumapili, 9 Desemba 1973

Bi. Delphia Pruett,

Mimi, Longino, si mwandishi. Thurman ameniomba nikuandikie kwa sababu anasema yeye akiandika utadhani anapunguza makali. Nitasema yalivyo.

Alikimbia jana saa tatu asubuhi, baridi kali, upepo unatoka ubavuni. Saa walishika Stubblefield, kocha wa walinzi, na mimi. Naomba uelewe jambo moja kuhusu stopwochi. Mtu akianza kukimbia, kidole gumba ndicho kinachoamua wakati umeanza lini. Kikichelewa kidogo tu, mkimbiaji amepewa zawadi na hakuna atakayejua. Wapo wanaoitoa kila mwaka kwa vijana wanaowapenda. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita na sijawahi kutaka kuchelewa kama jana.

Sikuchelewa. Stubblefield alipata tano nukta nne. Kocha wa walinzi alipata tano nukta sita. Yangu ilisema tano nukta tano. Ndiyo ya katikati, Bi. Pruett, ndiyo iliyoandikwa. Ni mimi niliyemtoa kwenye timu. Alikuja kwangu anahema, akatazama saa, akasema, "Nimepunguza moja, Kocha."

Ningempa ile zawadi, siku zote angekuwa mtu aliyebaki kwa huruma ya kidole cha mzee. Sikutaka hivyo kwake. Nilichukua zile karatasi nikampelekea Stubblefield nyumbani, akiwa mezani na mkewe. Nikamwambia msimu wetu mzuri ni huu, na mwenye nao ni huyu uliyemfuta leo asubuhi. Alifoka, kwanza kwa kudanganywa na mchezaji, kisha kwa kudanganywa na mimi, na kwa yote mawili alikuwa na haki. Kisha akasoma. Akasoma tena, chakula kikapoa. Akauliza, "Aliyaona haya akiwa anakimbia?" Nikasema, "Kwa mwendo wake, alikuwa na nafasi."

Uamuzi ni huu. Havai tena jezi. Hilo limekwisha, na jana jioni alirudisha helmeti stoo. Nilikuwepo. Aliifuta kwa mkono wa sweta kabla ya kuiweka rafuni, na nadhani wewe kama dada yake unapaswa kujua kwamba ilimuuma. Ufadhili wake unabaki mpaka amalize masomo. Kuanzia Septemba atakaa juu kibandani, kiti cha kulia kwangu, na simu itakuwa mkononi mwake. Atakachoagiza ndicho kitakachochezwa. Mimi nitabaki na haki ya kubisha, na nadhani nitaitumia sana.

Sifa ulizoniandikia nimempa. Nilikuwa nimezitunza.

Lipo moja ambalo nahitaji msaada wako. Tumepitia makosa kumi na moja, kila moja ameeleza na karibu yote ameona alipokosea. La kumi na mbili ni la Westover. Hilo haligusi. Tukilifikia anasema, "Lile ni langu, Kocha, tuliache."

Nimeitazama filamu ya jaribio hilo usiku na mchana, sijui mara ngapi. Kushoto nilikoagiza mimi kulikuwa na mlinzi wa Westover amejificha nyuma ya rundo la watu, huru kabisa, hana wa kumzuia. Angemkamata mkimbiaji wetu kabla hajapiga hatua mbili. Kutoka kule juu sikumwona. Thurman alimwona akiwa anakimbia. Na kulia alikoagiza yeye, mpokeaji wetu alikuwa amesimama peke yake. Kip aliushika mpira nusu sekunde zaidi ya ilivyotakiwa, mlinzi akawahi, basi. Agizo bovu siku ile lilikuwa langu, kama nilivyowaambia wa gazeti, ingawa nilipowaambia sikujua kwamba nasema kweli.

Nimemwambia mara mbili. Kila mara ananishukuru kwa upole, kama mtu anavyomshukuru anayemfariji. Haniamini. Wewe atakuamini. Tafadhali mwambie alikuwa sahihi.

Wako,
Emmett Longino